Wahadhiri, tupeane uzoefu: msongo wa kazi msimu wa kusahihisha UE (mitihani ya mwisho wa muhula chuoni)

Mleta mada: Wakuu, UE zikiisha ndipo mzigo wetu unapoanza. Kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 400, dakika 10 kwa kijitabu kimoja cha majibu, ni zaidi ya saa 66, hapo hujajumlisha alama wala kuziingiza kwenye mfumo. Tasnifu nazo zinasubiri. Mnaumudu vipi?

Kalamu Nyekundu: Sahihisha swali kwa swali, si kijitabu kwa kijitabu. Maliza swali la 1 kwa darasa zima ndipo uende la 2. Mwongozo wa kusahihishia unakaa kichwani na alama haziyumbi. Ila kabla ya yote soma vijitabu kama 10 bila kuweka alama. Mara nyingi kuna jibu sahihi ambalo mwongozo haukulitaja, na ukiligundua kwenye kijitabu cha 250 itabidi urudie vyote vya nyuma. Hapo ndipo watu wanapochoka kabisa. Funua pia kurasa za mwisho: mwanafunzi akiishiwa nafasi humalizia jibu huko bila kuandika namba ya swali, na asiposahihishwa, rufaa inakurudia.

Mkongwe wa Idara: Nakubali, lakini msongo unaanza siku ya kutunga mtihani. Insha nne kwa watu 400 ni insha 1,600! Weka insha mbili, zilizobaki ziwe za majibu mafupi. Mkigawana na wasaidizi, kila mmoja asahihishe nakala za vijitabu vilevile vitano, kisha mlinganishe alama kabla ya kugawana mafungu.

Dada Mshauri: Usingizi usiuguse. Ukisahihisha saa nane usiku alama zinayumba, kesho unazirudia. Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11 (orodha yake ya kuainisha magonjwa), linataja dalili tatu za uchovu uliokithiri wa kazini: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona hufanyi la maana. Ukiziona zote na mapumziko hayasaidii, nenda hospitali. Usingoje matokeo yatoke.

Mkongwe wa Idara: Na kwa mkuu wa idara usiende na malalamiko matupu. Andika barua kabla ratiba ya muhula haijapangwa: idadi ya wanafunzi, vipindi kwa wiki, tasnifu unazosimamia, saa za kusahihisha. Omba kitu kimoja, msaidizi au kupunguziwa kozi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.