MREJESHO: Yule mwalimu wa yoga mwenye joto la ghafla

Wapendwa nimerudi, mimi ndo yule wa miaka 49 niliyeuliza nifanyeje, hedhi inaelekea kukoma na nikiwa nafundisha yoga joto linapanda ghafla moyo unaenda mbio mpaka natamani kutoka nje. Asanteni sana jamani. Dada uliyesema nivute pumzi kwa hesabu ya 4 niitoe kwa 6, Mungu akubariki, wasiwasi umepungua kweli, na jioni nalala chali miguu nimeiegemeza ukutani dakika 10. Usingizi ndo bado, saa 9 usiku macho makavu shuka limelowa jasho, hapo yoga haijatosha nimeanza kumwona daktari. Darasani niliwaambia ukweli, mama mmoja akachukua kanga yake akanipepea, kumbe na yeye anapitia hayohayo.