Naomba ushauri: albamu moja tu ya maisha, nichague ipi?

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Niko Mwanjelwa, Mbeya. Jumamosi tunakutana marafiki sita, kila mmoja aje na albamu anayoipenda kuliko zote, isikilizwe mwanzo hadi mwisho. Nimekwama.

Nimebaki na mbili. Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, 1989: magitaa yale, na sauti ya mtu anayemsemea maskini bila kumwonea haya. Nyingine ni Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001, ambayo shuleni tuliighani neno kwa neno. Wiki hii nimezisikiliza zote njia ya Tukuyu. Kwenda nampa Remmy, kurudi nabadilika.

Ila moyo wangu hasa uko kwa Mbaraka Mwinshehe. Shida ni kwamba nilichonacho ni mkusanyiko uliotolewa baada ya yeye kufariki mwaka 1979.

Je, mkusanyiko wa namna hiyo mnauhesabu kuwa albamu? Na kama hapana, kati ya zile mbili, ipi inasikilizika yote bila kuruka wimbo?