Tupeane uzoefu: Walimu mliofundisha nje ya nchi, vikao na wazazi vilikuwaje?

ChakiNyeupe
Wakuu habari za jioni. Nipo Muscat, nafundisha sayansi shule ya binafsi. Alhamisi tuna kikao cha wazazi, na mwalimu mgeni aliyeripoti juzi kutoka Morogoro hana raha kabisa. Kwetu tumezoea mkutano mmoja: wazazi wote ukumbini au chini ya mwembe, taaluma anasoma matokeo, mwenyekiti wa kamati anazungumzia michango, mchana watu wanatawanyika. Huku mzazi anakuja peke yake mezani kwako, ana dakika kumi, na ripoti ya mtoto ameshaisoma kwenye simu kabla hujafungua mdomo.

La kwangu ni hili. Baba mmoja alikuja na mama yake mzazi. Bibi kakaa kimya muda wote nikimweleza baba kwa Kiingereza. Mwenzangu wa meza ya pili ni Mkenya, nikamwomba kwa Kiswahili anisogezee daftari. Bibi akainua uso: "Kumbe mwanangu watoka kwetu!" Mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, familia yao ilihamia Oman baada ya 1964. Basi yeye ndiye aliyenipa habari ambayo baba hakuitaja: mtoto anakesha kwenye michezo ya simu mpaka saa nane usiku. Nusu mwaka nilikuwa nadhani ni mgonjwa. Leteni yenu.

Mlimani_B
Hapo kwenye ripoti kusomwa kabla yako nakazia. Wanakuja na maswali yameshaandikwa.

KahawaChungu
Umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa Thailand, mkoa wa Chonburi. Mama mmoja alikaa, akanitazama, akamgeukia mwalimu msaidizi wangu Mthai wakaongea weee. Nikaambiwa mzazi anauliza mzungu atakuja lini, maana wamelipia darasa la Kiingereza. Mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi Bungoma, shahada ninayo, mtihani wa Kiingereza wa TOEIC nimefanya na kufaulu kama wanavyotaka kwa sisi wa nchi zetu.

Sikubishana naye. Nilitoa daftari la mtoto la mwezi wa tano na la wiki ile, nikayafungua mbele yake. La kwanza lina sentensi mbili zilizofutwafutwa, la pili ukurasa mzima. Alifunua karatasi moja moja mpaka mwisho. Kisha akaunganisha viganja akainamisha kichwa, nami nikafanya hivyo hivyo. Tangu siku ile sikai na mzazi bila daftari mezani.

Tumbatu
Daftari ndiyo ngao yetu. Uko sahihi mkuu.

DadaWaNjoro
Nimekuwa nikisoma tu, ila hii lazima niandike. Niko Iowa, Marekani, kwa viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana, nafundisha hesabu. Tuna watoto wengi wa Kikongo, familia nyingi zimepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Wazazi wengi wanafanya kazi viwanda vya nyama, zamu ya usiku.

Kulikuwa na kijana wa darasa la tano, mpole, hajibu ukimwita. Nilipoanza kazi muhula ulikuwa umeshafika katikati, na tayari kulikuwa na mpango wa kumpima kama ana ulemavu wa kujifunza. Kwa upimaji huo wa mara ya kwanza, sheria yao inadai mzazi akubali kwa maandishi. Kikao kikaitishwa: mkuu wa shule, mshauri wa wanafunzi, mwalimu wa elimu maalumu, na mimi. Mama akaingia na sare ya kazini chini ya koti. Mkalimani hayupo. Dada yake huyo kijana, binti wa sekondari, ndiye aliyekalishwa pale akalimani.

Mwalimu wa elimu maalumu akaeleza vizuri kabisa: mtoto yuko nyuma miaka miwili, tunaomba kumpima, na mzazi ana haki ya kukataa. Binti akamgeukia mama yake: "Wanasema anasoma vizuri. Weka sahihi hapa twende."

Damu ilinisimama. Mama keshashika kalamu. Nikasema, "Mama, ngoja kwanza, usiweke sahihi. Sivyo walivyosema." Chumba kizima kilinyamaza. Mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili: "Mwalimu, mutoto wangu wanamufukuza?" Nikamwambia hapana, hakuna anayemfukuza. Yule binti akaanza kulia. Kumbe barua zote za shule ni yeye anayezisoma nyumbani, na zote huwa anasema ni nzuri, kwa sababu mama akipata habari mbaya halali mchana, na usiku ana kazi ya visu.

Nikawaomba wasimamishe kikao watafute mkalimani. Wakampata kwa simu. Sasa mama alipoulizwa kwa mara ya kwanza kwa lugha anayoielewa, mtoto amekuwaje tangu utotoni, akajibu palepale: tangu kambini masikio yake yanatoka usaha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza!

Kesho yake niliitwa ofisini nikaambiwa kukalimani si kazi yangu.

Mlimani_B
Dada usituache hewani. Kijana ilikuwaje?

BwanaMasharti
Pole dada, lakini ofisi ilikuwa na hoja. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ukikalimani wewe unawapunguzia wajibu wao, na ukikosea lawama ni yako.

MtuWaKasulu
Kwa hiyo angekaa kimya mama asaini gizani? Acha hizo.

BwanaMasharti
Sijasema akae kimya. Nimesema asimamishe kikao aombe mkalimani.

DadaWaNjoro
Ndicho nilichofanya. Soma tena.

MtuWaKasulu
Mimi nipo Edmonton. Baba mmoja wa kwetu aliniambia mbele ya mwanawe, "Mwalimu mchape, nakupa ruhusa." Nikamweleza Mahakama ya Juu ya Kanada ilishafunga mlango huo kwa walimu mwaka 2004. Akaniona sina msaada. Akasema basi atamalizana naye nyumbani. Hapo nikabaki njia panda, maana huku mwalimu akihofia mtoto ataumizwa anawajibika kuripoti.

Mzee_Gezaulole
Sisi tulichapwa na tumetoka watu.

Tumbatu
Mzee wangu, shikamoo, lakini kanuni za Tanzania Bara za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au aliyemteua. Wewe ulichapwa kwa utaratibu huo?

KahawaChungu
Na Kenya tulivipiga marufuku tangu 2001. Turudi kwenye mada jamani.

BwanaMasharti
Mtu wa Kasulu, ulimripoti?

MtuWaKasulu
Nilikaa naye baada ya kikao, nje ya dakika zangu, nikamwambia waziwazi wanachoweza kufanya watu wa ustawi wa watoto. Alinisikiliza kwa sababu ni baba mwenzake anayemwambia. Mtoto nilimfuatilia kila Jumatatu.

Mlimani_B
Hapo ulibahatisha. Mimi ningeripoti siku ileile.

ChakiNyeupe
Asanteni sana. Na ushauri kwa anayeanza? Mimi namwambia aanze na sifa za mtoto.

Tumbatu
Asianze na sifa. Mzazi anajua kinachofuata ni "lakini", hasikii kitu. Aulize kwanza mtoto anasemaje nyumbani kuhusu shule.

KahawaChungu
Aanze na sifa, ila iwe ya kitu anachoweza kukionyesha. Na asitaje alama za mtoto wa jirani hata akibembelezwa.

BintiMikindani
Kwa Oman, akina mama asiwatangulizie mkono, asubiri. Akiletewa tende na kahawa asikatae.

DadaWaNjoro
Mlioniuliza kuhusu kijana: muuguzi wa shule alimpeleka kupimwa, sikio moja linasikia kidogo mno. Amepata kifaa, amehamishiwa mbele upande wa sikio zima. Ule upimaji mwingine ulifanyika baadaye, mama akijua anachosaini. Binti hakalimani tena, hilo ndilo nililolipigania zaidi.

Mwl_Ubungo
Nipo Manchester, wiki ijayo nina familia ya kutoka Bukavu na shule itatumia mkalimani wa simu. Sijawahi. Nifanyeje?

DadaWaNjoro
Ofisi iseme mapema kwamba ni Kiswahili cha Kongo, wasilete yeyote tu. Simu weka spika katikati ya meza, sema sentensi fupi, umtazame mama, usitazame simu. Na muombe aongee yeye kwanza kabla hujafungua ripoti.