Naomba ushauri: niwaelezeje wanafunzi namna seli za kinga zinavyopenya ndani ya tishu?

Mwalimu wa baiolojia, Ilemela:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha Kidato cha Sita hapa Mwanza, na klabu yetu ya sayansi inaandaa mada kuhusu kichocho, ugonjwa ambao wanafunzi wengi wa kandokando ya ziwa wameuona majumbani mwao. Tulipofika kwenye mayai ya minyoo yanayonasa kwenye ini na kuzingirwa na seli za kinga, msichana mmoja aliuliza seli hizo zinatokaje kwenye mshipa wa damu hadi kulifikia yai, ilhali hazina misuli wala mkia. Kiunzi cha seli, yaani mtandao wa nyuzi za protini ndani ya seli, tumezoea kukilinganisha na nguzo za nyumba. Mlinganisho huo unaeleza umbo la seli, lakini mwendo hauelezi hata kidogo. Nianzie wapi?

Fundi sanifu wa maabara, Sengerema:
Mwalimu, ninakushauri uziache nguzo kabisa, kwa sababu nyuzi za kiunzi ziundwazo na protini iitwayo aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi, hujengwa upande mmoja na kubomolewa upande mwingine muda wote seli inapotembea. Anza na ukingo wa mbele, ambako kundi la protini liitwalo Arp2/3 huchipusha nyuzi mpya ubavuni mwa zile zilizopo, kwa pembe ya takriban digrii 70, na nyuzi hizo zinaporefuka husukuma utando wa seli kwenda mbele. Kwa nyuma, protini nyingine iitwayo mayosini hukaza nyuzi hizo na kuusukuma mwili wa seli ufuate. Mwambie binti huyo kwamba seli haina misuli, ni kweli, lakini inatumia aktini na mayosini, protini zilezile zinazokaza misuli ya mkono wake.

Kama shuleni kuna intaneti, waonyeshe filamu ya miaka ya 1950 ya David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ambamo nutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, inamfukuza bakteria katikati ya chembe nyekundu za damu. Waelekeze waangalie jinsi sehemu ya mbele inavyotanda na kugeuka kila bakteria anapobadili njia, huku nyuma kukibaki kifundo chembamba kinachoburutwa.

Mtafiti, Bukoba:
Ninakubaliana na fundi sanifu, ila ninaomba niongeze jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo. Juu ya kioo cha darubini seli hujishikiza, kisha hujivuta; ndani ya tishu hali ni nyingine. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba seli za kinga za panya zilizoondolewa integrini, yaani protini za kujishikizia, ziliendelea kutembea ndani ya tishu kwa kusukuma na kujibana tu, ingawa integrini bado zinahitajika ili seli ishike ukuta wa mshipa wa damu na kutoka.

Kikwazo kikubwa huwa ni kiini cha seli, ambacho ni kigumu kuliko sehemu nyingine, na mianya ya tishu huweza kuwa na upana wa maikromita 2 au 3 tu. Kiini cha nutrofili kimegawanyika vipandevipande na hupita kwa urahisi zaidi. Watu waliozaliwa bila protini ya DOCK8, inayosaidia kupanga aktini, huwa na limfosaiti (aina nyingine ya seli za kinga) zinazorefuka kupita kiasi na kukatika zinapopenya kwenye ngozi, na ndiyo maana hupata maambukizi makali ya virusi vya ngozi. Mfano huo utawaonyesha wanafunzi kwamba kiunzi pia huifanya seli isipasuke njiani.

Muuguzi, Ukerewe:
Mwalimu, usiishie kwenye kusifu seli zinazofika. Katika kichocho cha tumbo, mkusanyiko wa seli kuzunguka mayai ndio huchangia makovu ya ini, na dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa bila kuyaondoa mayai yaliyokwisha kunasa.

Mwalimu wa baiolojia, Ilemela:
Ninawashukuru sana. Nitaanza na filamu, nifuatishe aktini na mayosini, kisha kiini na mianya, halafu ndipo tuingie kwenye ini. Ninaomba swali moja zaidi: je, eosinofili, seli za kinga ambazo ni nyingi kuzunguka mayai haya, hutumia utaratibu huohuo?

Mtafiti, Bukoba:
Ndiyo, Mwalimu. Ishara za kemikali zinazoziita ndizo hutofautiana. Aktini na mayosini ni zilezile.