Naomba ushauri: maji ya mvua kwenye kiwanja cha mteremko, Goba

Wakuu, habari zenu. Najenga Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko. Msingi umefika usawa wa jamvi (zege la sakafu ya chini) na masika yanakaribia. Maji ya kutoka juu yanakatiza kiwanjani na kutuama nyuma ya msingi. Udongo ni wa mfinyanzi, haunywi maji haraka. Fundi anasema tuinue kuta kwanza, mitaro baadaye. Mimi naona ni hatari kabisa: udongo ukishalowa unasukuma ukuta, na unyevu unapanda kwenye matofali. Je, upande wa juu nichimbe mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu, au mtaro wa zege unatosha? Na maji niyaelekeze wapi bila kumharibia jirani wa chini? Mliojenga milimani, naombeni mnielekeze.