Roboti za kujigeuza za miaka ya 1980 na matoleo yake mapya: tuzipime kwa kipimo gani?

Kabati la Kioo

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Huwa naandika tathmini fupi za matoleo mapya ya roboti za Transformers, vichezeo vinavyogeuka kuwa magari na vitu vingine na vyenye katuni yake, hasa yale yanayowarudia wahusika wa mwaka 1984 na 1985, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo ninavyoona ugumu wa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema, wa mfululizo wa Earthrise, aliyetoka mwaka 2020, nilimsifu kwa sababu alinikumbusha mhusika wa katuni. Yule wa mfululizo wa Missing Link wa mwaka 2024, ambaye kampuni ya Takara Tomy ya Japani humwita Convoy, nilimsifu kwa sababu ameshika umbo la kichezeo cha awali karibu mstari kwa mstari, ila sasa ana viwiko, nyonga na magoti yanayofanya kazi. Msomaji mmoja ameniuliza ni yupi kati yao aliyesasishwa vizuri zaidi, na sijamjibu hadi sasa. Ninyi mnatumia kipimo gani?

Gololi

Ndugu Kabati, tatizo hilo lilikuwapo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa vichezeo vya mwaka 1984 havikubuniwa kwa ajili ya wahusika tunaowajua. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua roboti za kampuni ya Takara ya Japani, kutoka mifululizo ya Diaclone na Micro Change, ikazigawa katika kambi mbili na kuzipa majina na tabia. Katika Diaclone roboti ilikuwa mashine tu, iliyoendeshwa na rubani mdogo mwenye sumaku miguuni. Baadaye mchoraji Floro Dery akawachora upya wahusika hao kwa mistari michache ili iwe rahisi kuwahuisha katika katuni, na hapo ndipo kichezeo na mhusika walipoachana njia.

Mwangalie Ironhide. Kichezeo chake cha awali hakina kichwa kabisa: ukiligeuza lile gari dogo unakuta kiti nyuma ya kioo cha mbele, na kwenye kiti hicho kimebandikwa kistika chenye uso. Ironhide wa katuni ana kichwa kamili, shingo na kifua kipana. Mtu akiniambia kwamba toleo jipya la Ironhide ni aminifu kwa asili yake, nitamuuliza ni asili ipi.

Kwa hiyo mimi huanza tathmini kwa kutaja toleo linasasisha nini, kisha nalipima kwa ahadi hiyo na si nyingine. Wapo wanaojaribu kuzihudumia asili zote mbili, na mfano ninaoupenda ni Jetfire wa mfululizo wa Siege wa mwaka 2019. Kichezeo chake cha kwanza kilitokana na ndege ya Macross, mfululizo wa katuni wa Japani, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, Takatoku, na katuni ikampa umbo tofauti kabisa. Toleo la Siege lina uso wa katuni, lakini linakuja pia na barakoa na silaha nyekundu za kuvalisha zinazolirudisha kwenye sura ya kichezeo. Hapo mnunuzi anachagua mwenyewe.

Mshika Bisibisi

Naheshimu maelezo ya Ndugu Gololi, ila naona mjadala wa kufanana umepewa uzito kuliko unavyostahili. Hizi ni roboti za kujigeuza, na kinachopaswa kuhukumiwa kwanza ni kule kujigeuza kwenyewe. Soundwave wa awali hakuwa na viungo vya kujivunia, lakini alikuwa kinasa sauti chenye kitufe: ukikibonyeza, mlango wa kaseti unafunguka, na ile kaseti nayo inageuka kuwa ndege au mnyama. Furaha yote ilikuwa katika kidole gumba. Tathmini inayotumia aya nne kueleza rangi ya macho na sentensi moja kueleza namna miguu inavyokunjwa imeliacha jambo kubwa.

Kuna hila moja ya kisasa inayonikera, nayo ni kifua cha uongo. Katika matoleo kadhaa, madirisha unayoyaona kifuani mwa roboti siyo madirisha ya gari; ya gari yamefichwa mgongoni, na yale ya kifuani ni kipande cha ziada kinachojitokeza ili roboti ifanane na mchoro. Kwenye picha inapendeza, lakini mkononi unahisi kwamba gari limekunjwa na kubebwa na roboti kama mzigo wa mgongoni. Kwangu hilo ni punguzo la alama hata kama uso umechongwa vizuri namna gani.

Basi igeuze roboti mara ya kwanza kwa kufuata karatasi ya maelekezo, kisha irudie bila karatasi. Ikiwa bado unahitaji karatasi baada ya kuizoea, liandike hilo waziwazi, kwa sababu mnunuzi wa roboti ya namna hiyo ataigeuza mara moja na kuiacha kabatini. Halafu liviringishe gari mezani uone kama magurudumu yote yanagusa chini na kama tumbo halikwaruzi. Ni ajabu ni mara ngapi tathmini husahau kwamba gari linatakiwa kutembea.

Kabati la Kioo

Nashukuru sana kwa majibu haya. Naomba niongeze jambo moja: mwandishi wa tathmini hukaa na kichezeo kwa muda mfupi kabla ya kuandika. Uimara atausemea vipi?

Gololi

Usitabiri, eleza unachokiona. Tazama kama bawaba yoyote imetengenezwa kwa plastiki angavu, ile ya vioo vya gari, kwa sababu plastiki hiyo ni ngumu lakini haipindi, na ikibanwa na pini ya chuma hupasuka kuanzia kwenye tundu la pini. Tazama pia kama plastiki ya rangi inaonyesha weupe inapokunjwa. Weupe huo ni dalili kwamba sehemu hiyo inazidiwa. Kiungo cha gololi, yaani kile chenye kitufe cha duara kinachozunguka ndani ya tundu, kikilegea siyo msiba: kitoe, paka gololi rangi ya kucha isiyo na rangi, subiri ikauke kabisa, kisha kirudishe.

Usiyalinganishe matoleo mapya na wazee wao kana kwamba wazee walikuwa wa chuma kitupu. Ni kweli baadhi walikuwa na sehemu za chuma, tairi za mpira na kromu inayong'aa, na uzito huo una raha yake. Lakini kromu hubanduka, stika hujikunja, na ile plastiki ya dhahabu yenye chembechembe za kumetameta, iliyotumika kwa baadhi ya vichezeo vya miaka ya 1980 na 1990, huvunjika vipande hata ikiwa haijawahi kutoka kwenye boksi.

Mzee wa Stika

Nimeusoma mjadala wote na nina nyongeza ndogo kuhusu Megatron, kiongozi wa roboti waovu, kwa sababu yeye hapimiki kwa kipimo cha kufanana tu. Kichezeo chake cha mwaka 1984 kilikuwa bastola aina ya Walther P38. Sheria za Marekani kuhusu alama ya rangi ya machungwa kwenye mdomo wa bunduki za kuchezea, pamoja na hofu ya watu kuidhania bastola halisi, zimefanya iwe vigumu kumuuza hivyo madukani, na ndiyo maana katika matoleo mengi ya kawaida amekuwa kifaru. Mpigadebe wa bastola atalalamika, na namwelewa, lakini si haki kumpunguzia alama mbunifu kwa jambo ambalo hakuwa na uhuru nalo. Kifaru cha Siege nimekipima kama kifaru: kama mzinga umekaa imara, kama mikono ya roboti imejificha au inaning'inia ubavuni, na kama kinasimama mezani bila kuyumba. Atakayetaka bastola atafute MP-36, toleo la Megatron linalogeuka kuwa bastola, katika mfululizo wa Masterpiece, na aandikiwe tathmini yake peke yake.