Je, tuandike upya kompaila ya lugha yetu kwa lugha yenyewe?

Mkazi wa Nyegezi:

Habari za jioni, ndugu zangu. Sisi ni vijana watatu hapa Mwanza tuliotengeneza lugha ndogo ya programu yenye maneno kama “ikiwa”, “rudia” na “andika”, ili wanafunzi wa sekondari waanze kujifunza bila kukwazwa kwanza na Kiingereza. Kompaila yake, yaani programu inayotafsiri maandishi ya lugha hiyo yawe maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza, tumeiandika kwa lugha ya programu iitwayo C. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba lugha haijakomaa mpaka kompaila yake iandikwe kwa lugha hiyo hiyo. Mwingine anaona tutapoteza miezi mingi bure. Mimi linanitatiza jambo jingine: ikiwa kompaila inajihitaji yenyewe ili ipatikane, ile ya kwanza itatoka wapi?

Fundi wa Kirumba:

Ya kwanza mnayo tayari, ndugu yangu, nayo ni hiyo ya C. Andikeni kompaila mpya kwa lugha yenu, kisha ile ya C iutafsiri msimbo huo, yaani maandishi ya programu mliyoyaandika, mpate programu ya kwanza. Programu hiyo ipeni msimbo wake yenyewe iutafsiri, mpate ya pili. Na ya pili nayo iutafsiri msimbo ule ule, mpate ya tatu. Ya pili na ya tatu zinapaswa kulingana baiti kwa baiti, na zisipolingana, jueni kuna hitilafu imejificha mahali. GCC, kompaila maarufu ya C, hujengwa na kukaguliwa kwa hatua hizo tatu.

Wengi wamepita njia hii. Kompaila ya lugha ya Rust ilianza kwa lugha nyingine, OCaml, na mwaka 2011 ikaweza kujitafsiri yenyewe. Watu wa lugha ya Go, ambayo kompaila yake ilikuwa kwa C, hawakuandika upya kwa mkono, bali walitengeneza programu ya kuhamisha msimbo wa C kwenda Go, na matunda yake yakatoka katika toleo la 1.5, Agosti 2015. Walilipia, kwa kuwa kutafsiri programu kulianza kuchukua takriban mara mbili ya muda wa awali, lakini tangu hapo aliyeijua Go aliweza kuirekebisha kompaila yake bila kupitia C. Kwangu mimi faida hiyo inatosha.

Mwalimu, Musoma:

Naheshimu maelezo ya Fundi, ila hoja ya ukomavu siikubali. Kompaila ya TypeScript, lugha ya programu ya Microsoft, iliandikwa kwa TypeScript kwa miaka mingi, na Machi 2025 Microsoft ikatangaza kuihamishia Go ili iwe na kasi ya takriban mara kumi. Je, lugha hiyo ilipungukiwa ukomavu siku hiyo?

Hofu yangu ni kwamba kompaila ikiwa ndiyo programu kubwa ya kwanza ya lugha yenu, mtaanza kuongeza kila kinachomfaa mwandishi wa kompaila, na mtoto wa kidato cha pili, ambaye ndiye mlimkusudia, atasahaulika. Yeye anahitaji ujumbe wa kosa unaomwonyesha mstari na kumweleza kwa Kiswahili kilichokosekana. Anzeni na kipande kimoja tu, kile kinachosoma msimbo na kuukata maneno, mkiandike kwa lugha yenu, muone inapokwama.

Mkazi wa Nyegezi:

Shikamoo, Mwalimu. Tumekaa jana usiku tukajaribu, na tulikwama mapema: lugha yetu haina njia ya kukata sehemu ya maandishi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika programu ya kuhesabu magunia ya dagaa alikwisha kutulalamikia jambo hilo hilo, nasi hatukumsikiliza. Tutaliongeza kwanza, pamoja na ujumbe wa makosa.

Fundi wa Kirumba:

Hapo mmefanya vyema. Ombi langu ni kwamba mkifika mwisho msiifute kompaila ya C. Mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson alionyesha mwaka 1984 kwamba kompaila inaweza kubeba hila inayojirithisha kila inapojitafsiri, bila kuonekana popote katika msimbo wake. Mkiwa na njia ya pili ya kuijenga kutoka mwanzo, mtakuwa na cha kulinganishia.